Nguo Ukishazitoa, Fedha Yake Inakwenda Wapi?

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie misaada ya nguo, nami nimekubali kwa sharti kwamba sitawahubiria ukarimu. Ukarimu mnao tayari. Nataka tufuate mfuko wa nguo tangu unapodondoka ndani ya lile kasha la chuma kwenye maegesho ya magari.

Tuanze na kasha lenyewe. Mbele utaona picha ya mtoto anayecheka, moyo mwekundu na maneno makubwa yanayosema nguo zako zitabadilisha maisha. Zunguka ubavuni. Huko, kwa herufi za kusomwa kwa miwani, ndiko lilikoandikwa jina la mwenye kasha. Likiwa jina la kampuni, jua unampa mfanyabiashara. Mara nyingi makubaliano yao huwa hivi: kampuni inakusanya na kuuza, na shirika la misaada linalipwa kiasi fulani kwa kila kasha au kwa uzito, ili jina na nembo yake vitumike. Hilo si kosa. Shirika dogo lisilo na lori wala ghala linapata fedha ambazo lisingezipata kwingine. Ila yupo anayeandika waziwazi kwamba analipa kiasi gani kwa kila tani, na yupo anayeandika “sehemu ya mapato.” Jamani, hata senti moja ni sehemu!

Uingereza wameliona hili mapema. Sheria ya mwaka 1939 inataka anayekusanya nguo nyumba kwa nyumba awe na leseni, ambayo kwa kawaida hutolewa na halmashauri, ingawa baadhi ya mashirika makubwa yamesamehewa. Na Sheria ya Mashirika ya Misaada ya 1992 inamtaka mchangishaji wa kulipwa aeleze ni shirika gani litanufaika na kwa namna gani. Kwa hiyo mfuko mtupu wa kujazia nguo ukiachwa mlangoni kwako kule, simu moja kwa halmashauri inaweza kukusaidia kujua kama aliyeuacha ana kibali au amesamehewa.

Sasa tuje kwenye kuuza, jambo linalowaudhi wengi. Mtu anasema, “Mimi nilitoa bure, wao wanauzaje?” Nguo zinazotolewa ni nyingi mno kuliko wanaozihitaji jirani. Ghalani zinachambuliwa: nzuri chache zinakwenda dukani, nyingine zinafungwa marobota ya kupelekwa nje, na zilizochakaa zinakuwa matambara ya kufutia mashine. Robota la kilo 45 linaloteremshwa Mombasa limeshapita mikononi mwa wengi, na kila mmoja amechukua chake. Ni biashara nzito. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Wauza nguo kuukuu wa Marekani wakapeleka malalamiko serikalini kwao, na Rwanda, iliyokataa kushusha ushuru wake, mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuingiza nguo Marekani bila ushuru chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa biashara na nchi za Afrika. Zawadi haipiganiwi hivyo.

Basi tunapouliza kama msaada unabaki karibu, tutenganishe nguo na fedha. Mimi koti langu likivaliwa bara jingine, na fedha yake ikalipia kitanda kwenye makazi ya wasio na nyumba hapa jirani, nimeridhika kabisa. Kinachonikera ni vyote viwili kuondoka huku kasha limeandikwa “tunasaidia jamii yako.”

Utajuaje? Omba hesabu. Marekani, mashirika mengi ya misaada yanajaza kila mwaka Fomu 990 ya mamlaka ya kodi, na yeyote akiomba za miaka mitatu ya karibuni lazima apewe. Makanisa hayalazimiki kuijaza, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake si ushahidi wa wizi. Ndani yake mna jedwali M, lenye thamani ya vitu vilivyotolewa, nguo zikiwemo; jedwali F la shughuli za nje ya nchi; na jedwali I la ruzuku zilizotolewa ndani ya nchi. Ukiweka F na I pembeni kwa pembeni, utaona fedha imeelekea wapi bila kusubiri maelezo ya msemaji. England na Wales, nenda kwenye daftari la Tume ya Mashirika ya Misaada, uingize namba ya usajili iliyo kwenye kasha. Kama kasha halina namba, hapo pana jambo.

Lakini msikimbilie ile asilimia ya “gharama za programu,” yaani sehemu ya matumizi inayodaiwa kwenda kwenye kazi yenyewe ya shirika, inayotangazwa kwenye vipeperushi. Shirika likidai kwamba kukusanya nguo ndiko kutunza mazingira, na kutunza mazingira ndiyo kazi yake, basi mafuta ya lori na ukodishaji wa ghala vinaweza kuandikwa kama msaada. Asilimia inapanda, na hakuna mwenye shida aliyepokea hata soksi. Uliza shilingi, pauni au dola zilizowafikia watu, tena kwa mwaka upi.

Tukizitaja soksi: kabla ya kupeleka furushi kwenye makazi ya wasio na nyumba yaliyo jirani, wapigie simu. Mara nyingi wanataka soksi na chupi mpya, na hawana pa kuweka mabegi ya magauni.

Shirika likikaa kimya, mwandikie msajili wake. Na usimsahau mwenye kiwanja. Kasha lile limesimama kwenye ardhi ya mtu, pengine kwa ruhusa, pengine bila ruhusa. Muulize nani alilileta, na kama analipwa kodi. Anaweza kuamuru liondolewe kesho asubuhi, na huenda hakuna aliyewahi kumwuliza.

Haya, nani ana swali?