Pasi Ibaki Nyumbani

Jambo yenu, ba mama na ba papa. Nimeombwa niseme juu ya safari ya kwanza ya kinga, yaani baiskeli, nje ya nchi, na najua humu ndani kuna wanaoota Cape Town. Iacheni kwanza. Kutoka hapa Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, mpakani, ni takriban kilomita 90. Ng'ambo, Zambia, kuna Chililabombwe, Chingola, halafu Kitwe. Nenda Kitwe urudi. Utajua kama makalio yako yanakubali.

Safari yangu ya kwanza nilibeba sufuria mbili, viatu vya kanisani na, msicheke, pasi ya nguo. Vyote kwenye keria ya nyuma. Hata mpaka sijauona, spoki ya gurudumu la nyuma ikakatika, upande wa mnyororo. Huko ndiko hukatika mara nyingi, na ndiko kubaya, maana hupachiki mpya bila kung'oa gia ya nyuma. Kifunguo chake sina. Pasi ninayo! Tazameni vijana wanaoleta makala, yaani mkaa, mjini kwa kinga: mzigo umefungwa hautikisiki, na kwenye mlima wanashuka, wanasukuma, hawaoni haya. Vizito viwe chini, vingine mbele. Mpe fundi akaze spoki, kisha nenda Kipushi hapa jirani na kurudi ukiwa na mzigo wote. Kitakacholegea kilegee huko.

Karatasi ni paspoti, viza uulizie mapema, kadi ya homa ya manjano, na risiti ya kinga. Mpakani fika asubuhi, na usisahau muhuri wa kutoka kwetu kabla ya ule wa kuingia kwao.

Linalonitia hofu kweli ni hili: Zambia wanapita kushoto. Siku ya kwanza unakumbuka. Ya pili umetoka kunywa chai, barabara tupu, mwili unakupeleka kulia wenyewe. Mimi nilifunga kitambaa chekundu kwenye usukani, upande wa kushoto. Na malori ya shaba hayana huruma: likikujia moja nyuma na lingine mbele, toka kwenye lami, usibishane nalo. Usiku lala.

Nendeni kati ya Mei na Agosti, mvua imekatika. Sweta bebeni, asubuhi za Juni zinauma vidole. Lugha isiwatishe, Kibemba mnakisikia hata sokoni hapa.

Ndiyo, mama pale nyuma, mkono wako uko juu tangu nitaje pasi. Uliza.