Anodi yako inaliwa na nani?

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele mnisikie vizuri. Leo naongelea zile boti nyembamba za chuma za kwenye mifereji ya Uingereza, mana wengi mnaotaka kununua mnakagua jiko na kitanda, huko chini ya maji hamna habari nako. Boti nyingi za siku hizi zimejengwa kwa bati la milimita 10 kwenye sakafu ya chini na 6 ubavuni, na ubavu ukishuka chini ya 4 kampuni nyingi za bima zinaanza kukusumbua, kwa hiyo akiba yako yote pale ni milimita 2 tu.

Ndo mana tunachomelea anodi za kafara, yani vipande vya madini ya magnesi vinavyoliwa badala ya boti. Chuma, maji na magnesi vikigusana tayari ni betri, na kwenye betri hiyo magnesi ndo inayolika, chuma kinapona. Ujanja wa zamani huu, mwaka 1824 Humphry Davy aliwashauri jeshi la majini la Uingereza waweke zinki au chuma kwenye mabati ya shaba yaliyofunika meli zao, shaba ikaacha kulika kweli, ila magugu na viumbe vya baharini vikaota tele mana sumu ya shaba haikuwa inatoka tena!

Sasa sikilizeni hapa. Maji ya mfereji ni baridi, hayana chumvi, yanataka magnesi. Zinki ni ya baharini, ukiiweka mferejini inajifunika utando na kulala. Boti ikipandishwa juu ukakuta anodi bado nzima kama siku ilipochomelewa usifurahi, haijafanya kazi hiyo. Na kinga yake haifiki mbali, ukiweka mbili mbele na mbili nyuma katikati ya boti ndefu hapapati kitu.

Halafu kuna waya wa umeme wa gatini, hapa ndo watu wanapoteza boti. Ukichomeka, waya wa ethi unaunganisha chuma chako na cha jirani, jirani hana anodi basi yako inamlinda na yeye, inaisha haraka, ikiisha zamu ni ya ubavu wako. Dawa ni galvaniki aisoleta kwenye ethi, kifaa cha kuzuia huo umeme mdogo wa betri usipite, au transfoma ya kutenganisha kama mfuko unaruhusu. Ethi yenyewe MSIIKATE kabisa, ukiikata umeme unaua mtu!

Dalili mnaiona wenyewe boti ikiwa juu: kipovu kwenye lami iliyopakwa chini ya boti, ukikipasua unatoka uji mweusi, ukifuta unakuta kishimo chuma kinang'aa. Hicho kishimo bado kinakula, ingiza kipimo ujue kina chake kabla ya lami mpya, na fundi akianza kupaka mwambie azifunike anodi, ikipakwa lami ni chuma cha bure kimening'inia hapo.

Haya, nani ana swali?