Kupanga tarehe za marejesho ya mkopo kwa Java

Karibuni, watazamaji. Leo, tukiwa hapa Dodoma, tutaandika programu ya kupanga marejesho ya mkulima wa zabibu wa Hombolo aliyepokea mkopo tarehe 31 Januari 2025 na anayetakiwa kulipa kila mwezi. Tutatumia java.time, maktaba ya Java ya tarehe na saa, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014.

Kwanza, andikeni LocalDate mwanzo = LocalDate.of(2025, 1, 31). Kisha mstari unaofuata muandike mwanzo.plusMonths(1), na muendeshe programu. Mkichapisha mwanzo, mtaona bado ni 31 Januari, kwa sababu objekti ya LocalDate haibadiliki ikishaundwa. Mbinu ya plusMonths hurudisha objekti mpya, nayo lazima ipokewe kwenye kigeu kingine.

Ipokeeni sasa, nanyi mtapata 28 Februari, kwa kuwa mwezi huo hauna tarehe 31 na Java huchukua siku yake ya mwisho. Hapa naomba tutulie kidogo. Mkiiongezea 28 Februari mwezi mmoja mtapata 28 Machi, na marejesho yote yaliyobaki yatanasa kwenye tarehe 28, lakini mwanzo.plusMonths(2) hutoa 31 Machi. Kwa njia ile ya kwanza mkulima ananyimwa siku 3 ambazo ni haki yake. Kwa hiyo, ndani ya kitanzi, hesabuni kila rejesho kutoka siku ya mkopo kwa mwanzo.plusMonths(i), ambapo i ni namba ya rejesho, wala msiegemee rejesho lililotangulia.

Tuseme sasa analipa tarehe 15 Aprili, nasi tunaiweka kwenye kigeu LocalDate malipo = LocalDate.of(2025, 4, 15). Period.between(mwanzo, malipo) hutoa P2M15D, yaani miezi 2 na siku 15. Mkiita getDays() mtapata 15 tu, ambazo ni siku zinazozidi ile miezi 2, si jumla, na programu haitawaonya. Ikiwa riba inatozwa kwa siku, tumieni ChronoUnit.DAYS.between(mwanzo, malipo), itakayotoa 74.

Mwisho, muda wa dirisha la malipo hupimwa kwa Duration, ambayo huhitaji saa; mkiipa LocalDate mbili itatoa hitilafu. Dirisha likifunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, andikeni LocalTime.of(8, 0) na LocalTime.of(15, 30), na Duration.between itatoa PT7H30M, yaani saa 7 na dakika 30. Kuweni waangalifu hapo, kwani LocalTime.of(2, 0) kwa kompyuta ni saa 8:00 usiku.