Mjumbe kutoka Nje katika Kamati ya Usalama wa Maabara

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Katika kanuni zote zinazosimamia utafiti wa uhandisi jeni, yaani kubadilisha vinasaba vya viumbe, vyuoni, nimechagua kuzungumzia moja tu. Nchini Marekani, chuo kinachopokea fedha za Taasisi za Taifa za Afya kwa utafiti huo hulazimika kuunda kamati ya usalama yenye wajumbe wasiopungua watano, na wawili kati yao wasiwe na uhusiano wowote na chuo isipokuwa ujumbe wao katika kamati hiyo. Wapo watafiti wanaowaona wajumbe hao kuwa mapambo. Mimi nawaona kuwa nguzo ya kamati, na ushahidi wangu ni mji wa Cambridge, Massachusetts.

Mwaka 1976, Chuo Kikuu cha Harvard, kilichomo mjini humo, kilipotaka kujenga maabara yenye kinga ya hali ya juu kwa ajili ya majaribio ya kuunganisha vinasaba, wanasayansi wa chuo hichohicho waligawanyika. Meya Alfred Vellucci aliitisha kikao cha hadhara, na baraza la mji likasimamisha kwa muda majaribio yaliyohesabiwa kuwa ya hatari zaidi. Kisha likafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia: likaunda tume ya wakazi, akiwamo muuguzi, mtawa na mhandisi, ambao hawakuwa wataalamu wa fani hiyo. Kwa miezi kadhaa wakazi hao waliwasikiliza wataalamu wa pande zote mbili, wakawahoji, wakarudia kuwahoji.

Mwanzoni mwa 1977 tume ilipendekeza utafiti uruhusiwe, lakini kwa masharti ya ziada: wafanyakazi wa maabara wapewe mafunzo, afya zao zifuatiliwe, na mji uwe na kamati yake ya uangalizi. Sheria ndogo iliyopitishwa Februari mwaka huo ilimbana kila mtafiti mjini humo, hata yule asiyepokea fedha za serikali kuu, ambaye kanuni za taifa hazikumgusa. Pengo hilo lilizibwa na wakazi wa kawaida.

Tume ile iliweza kazi hiyo kwa sababu ilipewa muda na haki ya kuuliza. Mjumbe anayekabidhiwa jalada nene usiku wa kuamkia kikao, kisha akaombwa kutia saini, hajapewa hata kimoja kati ya hivyo. Na chuo kinachomtendea hivyo hakina haki ya kuwaambia majirani zake kwamba maabara yake inasimamiwa.