Nyuki wa Tanga na Ree Mbili

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya walimu, vijana na wachezaji wa bao. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti kanipa dakika arobaini, na najua nusu yenu mmekuja kwa kuwa mmesikia kuna mzee baharia atazungumzia kamari mbele ya mashehe. Basi hilo tulimalize mapema. Kamari sikuja kuifundisha. Mara ya mwisho kuweka hela juu ya karata ilikuwa mwaka 2003, na namshukuru Mungu. Shehe pale mbele ananitazama kwa jicho la pembeni. Shehe wangu, nivumilie, tutafika upande mmoja.

Kilichonileta ni vitabu. Kuna watu wanaocheza poka, mchezo wa karata wa Wamarekani, wameandika vitabu juu ya kinachotokea kichwani mwa mtu anapopoteza. Karata gani utupe na ipi uweke, hayo yana vitabu vyake. Hivi ninavyosema mimi vinahusu akili isikutoroke. Na nimesema barazani mpaka wenzangu wakiniona wananyanyua kahawa zao wanahama: vitabu hivi vinamfaa asiyegusa poka maisha yake yote.

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2002 nilikuwa melini, chumba cha mashine. Tumetia nanga nje ya Durban, siku ya tisa tunasubiri nafasi bandarini. Usiku, meza ya kulia chakula, kitambaa cha plastiki kinanata chai ya jana. Tuko watano. Poka wenyewe ni hivi, wasiojua: kila mtu ana karata mbili zake za siri, halafu tano zinawekwa mezani, za wote. Nikafunua pembe, nikaona ree mbili, jozi kubwa kuliko zote. Ree mbili zinakuja mara 1 katika mara 221. Mpishi wetu, Mfilipino mmoja mpole sana, yeye ana mabasha mawili, yaani wafalme. Ree mbili dhidi ya basha mbili, mwenye ree anashinda karibu mara 82 kati ya 100. Hela zote tukazisukuma katikati. Karata ya nne ikafunuliwa: basha la uru, la tatu kwake. Mpaka leo nikifumba macho naliona, lina doa la mafuta pembeni, na mafuta yale ni ya kidole changu mwenyewe, nilitoka zamu bila kunawa vizuri.

Mshahara wa mwezi mzima ukaenda. Mmoja hapo ananisikitikia, naona. Asante, lakini usinisikitikie kwa hilo. Hilo lilikuwa haki yake mpishi. Mara 18 kati ya 100 si sifuri. Nisikitikie kwa masaa mawili yaliyofuata. Nilibaki kitini. Nikawa nacheza kila takataka inayokuja mkononi, mbili na saba, tatu na tisa, namtafuta mpishi tu, naye anazidi kuwa mpole, na upole wake ndio unanichoma. Alfajiri nilikuwa nimepoteza mishahara mingine miwili. Hesabu hiyo iandikeni: basha la uru lilinigharimu mwezi mmoja, mimi nilijigharimu miwili.

Hali ile wachezaji wanaiita tilti. Neno limetoka kwenye zile mashine za vigololi: ukiitikisa mashine kwa hasira ili gololi liende unakotaka, inajifunga na kuwasha taa yenye neno hilo, mchezo umekwisha. Sisi hapa hatuna haja ya kuazima, tunalo letu. Tunasema fulani kapandisha. Tofauti ni kwamba aliyepandisha mashetani anapigiwa ngoma na kufukiziwa ubani, na aliyepandisha kwenye karata anaongezewa karata.

Wiki ile ile, mjini Durban, duka la vitabu vya mtumba, nikaokota kitabu hakina jalada. Alan Schoonmaker, kimetoka mwaka 2000, saikolojia ya poka. Kiingereza changu cha mashine, nilikisoma kwa miezi. Mwandishi habembelezi. Anakuuliza unacheza kwa nini, kisha anakulazimisha uwapime wenzako mezani kwa mambo mawili: mtu anaingia mchezoni kwa karata nyingi au chache, na akiingia anashambulia au anafuata. Halafu, na hapa ndipo kitabu kilipo, anataka ujipime na wewe. Nilipojipima nikakuta mimi ndiye yule niliyekuwa nikimcheka.

Sasa niende kwa nyuki.

Hakuna mtoto wa Tanga asiyejua vita vya Novemba 1914. Ukimuuliza nani aliwashinda Waingereza, atakwambia nyuki. Nami nimekulia kwenye hadithi hiyo, bibi yangu akiisimulia unasikia mabawa. Lakini jamani, tuzitazame karata zenyewe. Jenerali Aitken wa Waingereza amekuja na askari kama 8,000 kutoka India, wamekaa melini majuma mengi, wamechoka, wanatapika. Upande wa pili Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana kama 1,000. Kwa hesabu hiyo, Aitken ana ree mbili, sivyo? Halafu tazama alivyozicheza. Tarehe 2 meli ya vita Fox inaingia bandarini, nahodha wake anawatangulizia Wajerumani habari kwamba makubaliano ya kutopigana yamevunjwa! Umeona wapi mtu anamwonyesha mwenzake karata kabla ya kuweka hela? Wajerumani wakapata nafasi ya kuleta askari kwa treni kutoka Moshi. Waingereza wakashukia Raskazone, hawakupeleleza mji kama inavyopasa, wakaingia mashambani vipofu. Tarehe 5 walikuwa wanarudi melini, wameacha nyuma bunduki zaidi ya 400 na risasi laki kadhaa.

Na nyuki je? Nyuki walikuwapo, sikatai. Risasi zilipiga mizinga mitini, wakatoka, wakauma watu. Lakini waliuma pande zote mbili! Lettow-Vorbeck mwenyewe ameandika kuwa bombomu zake baadhi, zile bunduki za rashasha, zilinyamazishwa na nyuki hao hao. Nyuki hawakuwa na bendera. Na bado habari zilipofika Uingereza, wakatokea watu wa kusema Wajerumani waliwafundisha wale nyuki, waliwatega kwa waya. Mtu yuko tayari kuamini mdudu amepewa mafunzo ya kijeshi kuliko kusema tulicheza vibaya.

Kila mchezaji ana nyuki wake. Annie Duke, aliyesomea saikolojia kisha akacheza poka kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2018 juu ya ugonjwa huu na jirani yake. Ugonjwa wenyewe ni kulisoma tokeo kana kwamba ndilo uamuzi. Jirani yake ni huyu: ukishinda, ulikuwa na akili; ukishindwa, nyuki. Angalieni ugonjwa unavyokata pande zote: usiku ule wa Durban uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa sahihi na nikapoteza. Saa nane usiku nikashinda mkono mmoja kwa mbili na saba, nikajiona bingwa. Mkono ule wa ushindi ndio ulionimaliza.

Mzee wangu wa bao pale nyuma anatikisa kichwa. Najua anachotaka kusema: sisi tumecheza bao toka utoto, hatukusoma kitabu, na tunajua kutulia. Kweli kabisa. Lakini bao, mzee wangu, kete 64 zote ziko wazi. Namua na mtaji, hatua zake zote mbili, kila kitu unakiona. Nyumba yako ikiliwa, imeliwa kwa kosa lako, na watazamaji watano wanakwambia hapo hapo, tena kwa matusi. Hakuna pa kumweka nyuki. Poka imefichwa nusu, kwa hiyo nyuki ana pa kukaa. Niwaulizeni, maisha yetu yanafanana na upi? Mwenye jahazi anayepakia mbao anajua upepo wa kesho? Mama anayenunua dagaa kwa mkopo anaona karata zote? Baraza la bao lilikuwa kitabu chenu, wazee. Kijana aliyejifungia chumbani na simu hana baraza. Ndiyo maana namtafutia kitabu.

Na hapo ndipo nimefika kwa vijana wa mikeka. Msijifiche, nawaona. Mnaweka timu kumi na mbili kwenye mkeka mmoja, kumi na moja zinatimia, moja inatoa sare dakika za majeruhi, unasikia mtaa mzima: "Mkeka umechanika, bahati mbaya!" Chukua kalamu. Tuseme kila mechi umeitabiri vizuri hasa, asilimia 70. Zidisha 70 hiyo mara kumi na mbili. Mkeka mzima kutimia ni chini ya mara 2 kati ya 100. Mkeka wako haukuchanika dakika ya tisini. Uliununua umeshachanika. Nyuki hawahusiki.

Mtu atasema: basi kijana akisoma vitabu hivi atabeti vizuri zaidi, si unamwongezea dhambi? Nimeulizwa hivyo hata na mke wangu. Najibu kwa niliyoyaona. Mimi nilisoma, nikajiona, mwaka uliofuata nikaacha. Siwaahidi kila msomaji ataacha. Wapo wanaosoma na kuendelea, na wapo wanaofanya kazi ile kwa halali ya nchi zao. Ila sijapata kumwona mtu aliyeacha huku bado anaamini ni nyuki. Huyo anasubiri nyuki waondoke, arudi mezani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimebakiza mengi, nitayapitisha mbio.

Jared Tendler, mkufunzi wa akili za wachezaji wa poka, kitabu cha 2011. Mwanangu alinipa nakala. Huyu amekigawa hicho kupandisha katika aina saba, na uzuri wake ni huo, maana dawa ya mmoja si ya mwingine. Yupo anayepandisha kwa kuwa anaona anaonewa. Yupo wa kisasi, ndiye mimi na mpishi. Yupo anayejichukia kwa kosa lake dogo mpaka anafanya kubwa. Yupo anayedhani anastahili kushinda kwa sababu yeye ni fundi. Huyo kwenye bao tunao wengi, sitaji majina. Nyingine msome.

Maria Konnikova, kitabu cha 2020, mwenye shahada ya udaktari ya saikolojia, aliingia poka hajui kitu, akafundishwa na Erik Seidel, bingwa wa poka, mwaka 2018 akashinda mashindano Bahamas, zaidi ya dola 84,000. Kitabu kizuri. Nilitaka kukisema kwa kirefu, muda hakuna.

Daftari. Hili silirukii. Andika sababu ya uamuzi kabla hujajua matokeo, ukiandika baadaye utajidanganya. Hili hapa la kwangu, la miezi minne ya mwisho melini. Nimeandika "bahati mbaya" mara 31. Nilipolipitia tena baada ya kusoma, nikiwa nimeshiba na nimelala, bahati mbaya ya kweli nilizikuta 6. Ishirini na tano zilizobaki zina mwandiko wangu.

Kulala, kula kabla ya kukaa mezani, kiwango cha hela ukikipoteza unanyanyuka: hayo yamo vitabuni, msome. Tafsiri ya Kiswahili, nani ataifanya, nilikuwa na hoja nzito hapo, naiacha. Walimu mliomo humu mnajua nawatazama nani.

Maswali yaje, lakini kwanza tangazo. Kitabu cha Tendler, kile cha mwanangu, kimekaa kwa kijana mmoja wa Ngamiani tangu kabla ya Ramadhani iliyopita. Nilimpigia, akaniambia kililoa mvua. Nikamuuliza mvua gani, akasema ni bahati mbaya tu, babu. Kama yumo humu, alete hata kikiwa kimeloa.