Njoo na soksi mbili

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Naomba nisimame upande huu maana lile feni linameza sauti.

Kazi yangu ni kuajiri, miaka 11 sasa nipo kwenye viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza, na leo nina jambo moja tu, kwamba anayejua kuwaita watu kazini kwako ni yule anayeifanya hiyo kazi, mpe nafasi ajirekodi video kwa simu yake alafu wewe meneja kaa pembeni.

Nianze tulipokosea. Kiwanda kimoja nilichokuwepo zamani tulikodi jamaa mwenye droni, akapiga Jiwe la Bismarck jua linazama, mitumbwi, muziki, meneja kavaa koti jeupe jipya bado lina mistari ya pasi anasema sisi hapa ni familia. Video ilipendeza kweli, maombi yakaja mpaka mlinzi getini akakosa pa kuweka bahasha. Tukachukua vijana 20. Sasa mnajua ndani kukoje, mikono kwenye barafu, chini maji, unasimama shifti nzima, harufu unarudi nayo mpaka kwenye shuka. Siku ya nne wakaanza kuchomoka, mwezi unaisha wamebaki 7. Na kila anayeondoka umeshampima afya, umempa buti na aproni, umemfundisha kushika kisu, na minofu ameshaikata vibaya ya kutosha, hela yote hiyo imeenda. Ila mimi kilichoniuma zaidi ni binti mmoja aliacha meza yake ya kuuza mihogo Igoma kwa ajili yetu, kurudi anakuta mtu mwingine kashakaa pale. Ile video haikuwa na sentensi hata moja ya uongo jamani, ila yale ya muhimu iliyanyamazia, na aliyelipia huo ukimya ni yeye.

Miaka ikapita, nikiwa sehemu nyingine, dada mmoja wa meza ya kutrimu, wale wanaosafisha minofu kwa kisu, akajirekodi asubuhi wakati wa chai, nje ya chumba cha kubadilishia nguo, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai. Kavua glavu, vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyeshinda ziwani. Anasema, "Mwangaluka! Jamani kazi ipo na baridi ipo, ukija njoo na soksi mbili. Wiki ya kwanza mgongo utauma, ya pili unazoea. Mshahara unaingia tarehe yake. Kama una mtoto mdogo uliza habari ya shifti kabla hujasaini, mimi sikuuliza." Basi, sekunde 48. Akaja kuniuliza kama anaweza kuituma kwenye grupu la watu wa kwao Sengerema.

Maombi yaliyokuja yalikuwa machache kuliko yale ya droni. Lakini siku ya kuanza kazi nikaona wasichana wawili wanatoa soksi za pili kwenye mkoba, nikajua hawa wanajua wanapoingia. Wale wengi wao bado wapo.

Na hili watu wameshalipima. Mwaka 1973 mtafiti wa Marekani anaitwa John Wanous alichapisha utafiti wake kuhusu waombaji wa kazi ya opereta wa simu, kundi moja lilionyeshwa filamu ya kuisifia kazi tu, lingine filamu iliyosema na ugumu wake. Ukweli haukuwakimbiza watu, wale walioambiwa walikubali kazi kama wenzao, na baadaye wakawa na mawazo machache ya kuacha. Alafu mwaka 2007, YouTube ina miaka miwili tu, kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Deloitte, tawi la Marekani, wakawaita wafanyakazi wao watengeneze filamu fupi kuhusu maisha ya kazini, wakazitumia kuvuta waajiriwa wapya. Kwaiyo hii sio fasheni ya vijana wa juzi.

Najua mnachoogopa, akisema kitu kibaya je? Mimi nawaambia akisema, kwanza kirekebishe. Yule dada aliposema "mimi sikuuliza" niliona aibu, maana mwenye kuuliza ilitakiwa niwe mimi. Tangu siku hiyo kwenye usaili habari ya shifti naianza mwenyewe. Ukimwambia akate kile kipande, umerudi kwa jamaa wa droni.

Mambo ya ufundi sio mengi. Lenzi ifutwe kwanza, kwa kanga tu inatosha. Kwenye mashine usirekodi sauti, toka nje, tumia maiki ya iafoni, na maneno yaandikwe chini kwa sababu mtu anaangalia akiwa kwenye daladala bila sauti. Iwe fupi, bando ni hela. Na kwa wenzangu wa viwanda vya samaki, afisa ubora aione kabla haijatoka, kofia ya nywele ikikosekana mnunuzi nae anaona, na wa umri wangu tunakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilipofungia samaki wa ziwa hili, hatutaki kurudi huko.

Lakini pa kukazania ni hapa, sura ni ya mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, usichukue video ya mfanyakazi ukaibandika kila mahali eti kwa sababu unamlipa mshahara. Muombe, aandike kwa hiari, asiyetaka asitazamwe vibaya. Muda anaorekodi uhesabiwe ni muda wa kazi. Siku akiondoka na akasema itoeni, itoeni siku hiyohiyo.

Alafu mwisho wa video aseme ofisi ipo wapi na kwamba hapa hatuchukui hela ya fomu. Matapeli wanaotangaza kazi za uongo wamewaliza watoto wetu sana, na sasa daraja la Kigongo-Busisi lipo, tangu Juni 2025 mtu wa Sengerema anavuka bila kusubiri kivuko, anaweza kufunga safari asubuhi hiyohiyo kwa ajili ya tangazo aliloliona kwenye simu. Akimuona binti wa kijiji chao anaongea na buti zake miguuni, anajua pa kwenda.

Nimeruhusiwa na mwenyewe niwaonyeshe ile ya sekunde 48. Kaka hapo nyuma naomba uzime taa, na feni pia, tumsikie.