Posidoki ni kazi, siyo shule nyingine

Habari zenu jamani, karibuni. Leo hamuoni theluji nyuma yangu. Nipo likizo, kibarazani kwa mama, Sinza, na honi hizo ni za bodaboda. Nimeona nirekodi hapahapa kabla sijarudi Heidelberg, Ujerumani, maana jana mdogo wangu, binti wa mama mdogo, aliniuliza swali. Amemaliza uzamivu, yaani PhD, wa takwimu. Akasema, "Kaka, hiyo posidoki ada yake bei gani?"

Hakuna ada. Posidoki ni kazi ya utafiti baada ya uzamivu, na anayelipwa ni wewe. Ujerumani wengi wanaajiriwa kwa mkataba, mara nyingi daraja la mshahara la E13, bima ya afya na makato ya pensheni humohumo. Mtu akitaka hela akutafutie nafasi, mkimbie.

Alichosema baadaye ndicho kilichoniuma: "Ila mimi siyo daktari, ya maabara siyawezi." Jamani! Chukueni mfano wa malaria. Kimelea chake kina herufi za kijeni zipatazo milioni 23. Vimelea vyenye dalili za usugu kwa artemisini, ambayo ndiyo tegemeo la dawa mseto, vimeshaonekana kwetu Kagera. Sasa sampuli elfu moja za vimelea hivyo nani atazisoma, ajue usugu unaelekea wapi? Darubini peke yake haitoshi, anahitajika mtu wa hesabu na kompyuta. HFSP, shirika la kimataifa linalofadhili utafiti wa sayansi ya viumbe hai, wana ufadhili wa posidoki wa miaka 3, na upo mlango wa waliotoka fizikia, hesabu, uhandisi au kompyuta wanaotaka kuingia kwenye biolojia. Mlango huo ni wa mdogo wangu kabisa.

Ufadhili wa posidoki wa Umoja wa Ulaya, Marie Skłodowska-Curie, unaweza kuuomba ukafanye utafiti nchi za Ulaya, uwe na uraia wowote. Angalieni hapa tu: ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi, usiwe umeishi zaidi ya miezi 12 kwenye nchi unayoomba kwenda. Kwa hiyo usitangulie kwenda kuzoea mazingira.

Sasa barua ya kuomba nafasi. Mimi nilituma barua ileile kwa maprofesa 30. Kimya. Nikaacha. Nikachukua makala ya maabara moja, nikaisoma mpaka viambatisho, nikaendesha programu yao kwenye laptopu yangu. Ikakwama kwenye sampuli za damu zenye vimelea vya nasaba kadhaa kwa pamoja, jambo la kawaida kabisa kwetu. Nikawaandikia aya mbili: imekwama hapa, nadhani sababu ni hii, nimejaribu hivi. Magharibi haijaingia, nimejibiwa.

Jana usiku tumekaa hapa na mdogo wangu mpaka umeme ukakatika, aya ya kwanza ikapatikana. Ya pili leo jioni. Na wewe uliye Mlimani, Muhimbili au Ifakara, niandikie hapo chini uzamivu wako umeufanyia nini. Nasoma zote.